Mkwe Ndani ya Kihenge

Leo nimeaibika nikiwa ndani ya ghala la mpunga.

Si karibu na ghala. Si nyuma yake. Ndani, jamani, magoti yamekunjwa hadi masikioni na bakuli la uji mkononi. Nawaandikia ninyi jamaa zangu wa Kasongo jioni hii hii kabla habari haijawafikia kwa njia nyingine, maana wanawake wa huku midomo yao inakwenda mbio kuliko baiskeli yangu. Afadhali mwisikie kwangu.

Kazi yangu mnaijua. Dispanseri ya Kabambare imenipa baiskeli, kaptula ya kaki na mfuko wa unga, nizunguke vijijini nikiwafundisha akina mama kuwapikia watoto uji wenye nguvu. Wananiita muniteri, yaani mwalimu. Na jambo la pili mnalijua pia, kubwa kuliko la kwanza: nimeposa. Sakina, binti wa Wamaza. Posa imepokelewa, wazee wamekula pamoja, harusi ni baada ya mavuno ya mpunga. Tangu siku ile kila shamba la mpunga ninalolipita nalitazama kama mtu anayetazama saa ya ukutani. Likiwa kijani nasikitika. Likianza kugeuka dhahabu, moyo unapiga kengele.

Sasa niwakumbushe ninyi mlioondoka huku mapema mkasahau adabu. Kwa watu wa upande wa Sakina, mkwe hali mbele ya mama mkwe. Hali kabisa! Hata kipande cha muwa. Hata punje ya karanga. Mama mkwe akimwona mkwe wake mdomo umejaa, ni sawa na kumkuta mtoni bila nguo. Tena hawasemezani uso kwa uso. Neno hupitishwa kwa mtu mwingine, na kama mtu hayupo, kwa kitu chochote kilicho karibu. Kijana mmoja wa Salamabila alionwa na mama mkwe wake akila ndizi njia panda. Posa ilirudishwa kabla ndizi haijafika tumboni. Kwa hiyo mimi nikimwona Mama Sakina kwa mbali hushuka baiskeli nikaingia majanini. Baiskeli pia naiingiza.

Haya. Asubuhi niliondoka Kabambare bila kula kitu, nikishika njia ya Wamaza. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabonde kama maziwa yaliyomwagika, michikichi imesimama ndani yake hadi kiunoni, na ndege wanagombana juu kama watu wa sokoni. Nilikuwa naimba. Niliona kwamba nyuma yangu, juu ya baiskeli ile, nimebeba afya ya nchi nzima. (Kumbe nilibeba unga tu.)

Nikafika kijiji cha kapita Lukumbi, nusu ya njia. Kapita ndiye mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, na huyu Lukumbi ana kofia yenye bamba la shaba ambayo sijui kama huivua akilala. Akapiga ngoma, wanawake wakaja kutoka mashambani, majembe begani, watoto mgongoni. Wakakaa chini kwenye uwanja wa kapita. Uwanja ule umeinama, unateremka taratibu hadi kwenye migomba iliyo karibu na kijito. Sikuutilia maanani mteremko huo. Mtu anapoanza hotuba haangalii mteremko.

Nikapanga mafiga, nikabandika sufuria, nikaanza.

"Mama zangu! Muhogo unajaza tumbo, lakini haujengi mwili. Mtoto anataka karanga. Anataka maharagi. Anataka ndagala, yule samaki mdogo wa ziwani, mkausheni, mtwangeni, mchanganye na unga wa mahindi..."

"Mwili gani inajengwa?" akauliza bibi mmoja wa mstari wa mbele. Huyo ndiye Bibi Tabu. Mfupi, mweusi tii, jicho moja jekundu, na sauti ya tarumbeta. "Yangu ilijengwa zamani. Sasa iko nabomoka. Iko na uji ya kukandika?"

Wakacheka wote. Nikacheka pia, kwa adabu, nikaendelea mbele.

"Na mayai! Kuku mnao. Mtoto apewe yai."

"Mutoto akikula yai atakuwa mwizi," akasema Bibi Tabu.

"Bibi, nani amesema?"

"Kila mutu anajua. Weye ulikula mayai kwa utoto?"

"Nilikula mengi sana!"

Akawageukia wenzake. "Wamama, mushike vitu vyenu."

Kweli kabisa, mwanamke mmoja akavuta jembe lake karibu.

Nikaona nirudi kwenye maharagi, huko kuna usalama. Nikasema maharagi yapandwe karibu na nyumba, mama asitembee mbali. Hapo akainuka mama mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote, mikono imejaa udongo.

"Muniteri, karibu na nyumba iko pamba ya serikali. Tuking'oa pamba tutafungwa. Tukipanda mbali, nguruwe wa pori wanakula. Sasa weye ambaye umesoma, utuambie: tupande juu ya kichwa?"

Wote wakamtazama kapita. Kapita akatazama mawingu. Nami nikakohoa. (Kwa swali hilo dispanseri haikunipa jibu. Ilinipa mwiko tu.)

Bahati nzuri uji ukaanza kuchemka, na uji husema vizuri kuliko mimi. Harufu ya karanga zilizokaangwa ikapanda juu ya mapaa, ikaingia kila nyumba bila kubisha hodi. Watoto wakanyamaza. Mbuzi wakainua vichwa. Nikakoroga mara ya mwisho, uji mzito, wa rangi ya asali, unameta mafuta, nikasema kwa fahari:

"Haya! Leteni watoto!"

Hakuna aliyesogea.

"Onja kwanza," akasema Bibi Tabu.

Nilisahau kuwaambia hilo. Huku aliyepika ndiye anayeonja, mbele ya watu, koo likionekana linashuka. Vinginevyo chakula kina jambo. Na kwa unga uliotoka kwa Wazungu ni zaidi, maana kulikuwa na maneno kijijini kwamba unga huo unakausha matumbo ya kina mama wasizae. Mimi sikuona tabu yoyote. Njaa yenyewe ilikuwa imenishika tangu alfajiri! Nikajaza mwiko, nikaupuliza, nikafunga macho kama mtu anayeomba, nikapanua mdomo wote, hata ulimi nikautoa nje kuupokea...

"Hodi hapa!"

Nikafungua macho.

Mama Sakina.

Amesimama mwanzo wa uwanja, mtoto mgongoni, vumbi la njia hadi magotini, ananitazama mimi na shimo langu la mdomo. Kumbe binti yake mkubwa ameolewa kijiji hiki hiki! Mjukuu, mtoto wa binti huyo, alikuwa kwake Wamaza anaumwa. Binti ametuma habari kwamba muniteri wa uji anakuja, naye amemleta; ngoma ameisikia akiwa njiani. Muniteri ni nani, hakuna aliyemwambia.

Nikafumba mdomo kwa kishindo. Mwiko ukabaki hewani hauna mwenyewe. Niufiche wapi? Nikaupeleka nyuma ya mgongo haraka, na uji wote, uji wa moto, jamani, wenye mafuta ya karanga, ukateremka kwa utulivu kabisa ndani ya kaptula ya serikali.

Nikaruka. Nikaruka tena. Sikupiga kelele, kwa heshima ya mama mkwe, ila miguu ilikuwa inasema yenyewe.

"Anacheza nini huyo?" akauliza kapita.

"Mumeona?" Bibi Tabu akasimama. "Mumeona kwa macho yenu? Mwiko ilifika mudomoni, akaogopa! Iko na kitu ndani!"

Wanawake wakaanza kuinuka, wakifunga watoto mgongoni. Wakati huo Mama Sakina alikuwa amenitambua. Akajifunika uso na pembe ya kikwembe, ile nguo aliyojitanda, akanipa ubavu, akaketi karibu na kinu cha mke wa kapita. Akasema na kinu.

"Weye kinu, uniulizie huyo mutu. Uji hii iko ya watoto wagonjwa?"

Nami nikaigeukia sufuria, huku nikiweka miguu mbalimbali ipate upepo.

"Sufuria, umwambie mama kwamba ndiyo. Ni ya watoto kama huyo hasa."

Akamfungua mtoto mgongoni. Jamani, hapo nisiwadanganye kwamba nilikuwa nacheka. Mtoto wa kiume, miguu kama vijiti vya mshale, tumbo kubwa, nywele zimegeuka rangi ya majani makavu. Halii. Mtoto asiye na nguvu za kulia. Aliketi palepale alipowekwa kama mzigo, akayaelekeza macho yake kwenye sufuria, akayaacha huko.

"Kinu," akasema Mama Sakina, na sauti yake ilikuwa chini, "mutoto hapana kula. Kila kitu anatema. Nimetoka Wamaza kwa miguu. Umwambie huyo mutu aonje, wamama waone, nimpe mutoto. Siondoki."

Mnauona mtego? Nisipoonja, uji ni sumu, wanawake wanaondoka, na mtoto yule anarudi alivyokuja. Nikionja, nimemwonyesha mama mkwe koo langu, na Sakina kwaheri. Na mtu anayetaka nionje kuliko wote ni yule yule nisiyeruhusiwa kuonja mbele yake!

Nikamwendea kapita. "Kapita, onja kwa niaba yangu."

Akashika kofia. "Mimi iko mutu wa serikali. Nikikufa, nani atahesabu pamba?"

"Kufa tu!" wakapaza sauti wanawake. "Tutahesabu sisi wenyewe!"

"Basi nikaonjee nyuma ya nyumba," nikasema.

"Utatema," akasema Bibi Tabu.

"Nitawapa mgongo."

"Mugongo hapana kumeza. Tunataka koo."

"Basi mama afumbe macho!"

Mama Sakina akakiinamia kinu kama anayekipa siri. "Kinu, uwaambie masikio yangu haina kope. Nitasikia anameza. Kusikia na kuona ni haya moja."

Uji unaanza kufanya ngozi juu. Mimi natazama bonde lile la mpunga lililo ng'ambo ya kijito, limeanza kupiga dhahabu, na naona harusi yangu inaondoka nalo polepole.

Ndipo Bibi Tabu akapata wazo. Mungu amsamehe.

"Kihenge!" akasema.

Pembeni ya nyumba ya kapita kulikuwa na kihenge kipya, lile ghala la fito na nyuzi wanalosuka huku la kuwekea mpunga, kubwa kama mtungi wa jitu, halijakandikwa udongo bado. Mpango wake ulikuwa rahisi, na sasa nikiufikiria naona ulikuwa wa wazimu. Muniteri akae chini. Afunikwe na kihenge, mdomo wa kihenge chini. Apewe bakuli ndani. Mama Sakina ateremke mbali, akae penye migomba, atupe mgongo, aimbe asisikie. Na yeye Bibi Tabu atachungulia kwenye tundu la kusuka awe shahidi wa koo.

"Kihenge yangu!" akalia kapita. "Mavuno iko karibu!"

Hakuna aliyemsikia. Wanawake walikuwa wameshakiinua, wanacheka, wanakimbia nacho kama bibi harusi.

Mtaniuliza: na wewe ukakubali? Nikakubali. Naandika hapa kwa mkono wangu: mimi Ramazani, mtu mzima, niliyesoma, nikakaa chini nikafunikwa kama kuku.

Ndani kulikuwa kuzuri kidogo, niseme kweli. Mwanga ulipita kwenye tundu za kusuka, ukanidondokea vidoa vidoa, kama niko ndani ya usiku wenye nyota zangu peke yangu. Lakini kulikuwa na vumbi la mabua. Na siafu mmoja. Bakuli likasukumwa kutoka chini. Kisha nyota moja ikazimika, pakatokea jicho jekundu.

"Nakuona," akasema Bibi Tabu.

Kule chini kwenye migomba nikamsikia Mama Sakina anaanza wimbo wa kutwanga, kwa sauti kubwa, mtoto mapajani. Sawa. Nikachota. Nikapeleka mdomoni.

"AMEFUNGUA MUDOMO!"

Nusura nizimie. Hatukukubaliana hivyo! Shahidi alikuwa anatangaza!

"Bibi, pole pole," nikanong'ona.

"ANASEMA POLE POLE! AMEJAZA SHAVU YA KUUME! SASA SHAVU YA KUSHOTO! ANATAFUNA!"

"Anatafuna uji?" akauliza mtu wa nyuma.

"ANATAFUNA! SIJUI KWA NINI! ...KOO IMESHUKA! IMESHUKA MUPAKA CHINI!"

Vigelegele. Kule bondeni Mama Sakina akapandisha sauti ya wimbo. Bibi Tabu naye akapandisha yake kuishinda. Kijiji chote sasa kilikuwa kinajua hali ya mashavu yangu, na mama mkwe alikuwa anatwanga mpunga wa hewani kwa nguvu zote asijue.

"Basi, bibi, umeona," nikasema. "Nifungulieni."

"Kijiko moja haiui mutu. Maliza bakuli."

Na hapa, jamaa zangu, ndipo lilipo kosa langu la kweli. Nilikuwa na njaa. Na uji ulikuwa mtamu! Nikasahau Wamaza, nikasahau dispanseri. Nikala kama mtu aliyefichwa na ulimwengu. Nikajaza mdomo mpaka mashavu yakavimba, na wakati huohuo siafu yule akachagua kusafiri, akapita shingoni, akapanda shavuni, akaingia puani.

Chafya ile ilitoka kwenye visigino.

Kichwa changu kikapiga kitako cha kihenge, kihenge kikaruka, kikalala ubavu, mimi nikiwa ndani yake nimekunjwa, mdomo nimeubana kwa mkono uji usitoke. Na sasa, wenzangu, ndipo nilipoutilia maanani ule mteremko.

Mbingu. Ardhi. Mbingu. Ardhi. Bibi Tabu, kichwa chini. Mbingu. Mbuzi mmoja alikimbia kando yangu kwa muda, tukatazamana, akaona afadhali akate kushoto. Nyuma nasikia kapita anakimbia na kulia: "Kihenge yangu! Kihenge yangu!" (Si "muniteri wangu." Si "mutu iko ndani." Kihenge.)

Kikagonga mgomba. Kikapasuka. Kikanitapika.

Nililala chali kwenye majani makavu. Wimbo wa kutwanga ulikuwa umekatika. Juu yangu, karibu kabisa, akitazama chini kwa macho mawili makubwa, bila kikwembe usoni, bila ubavu, bila kinu, alikuwa Mama Sakina. Na mimi bakuli mkononi, kidevu kimejaa uji, mashavu yamevimba kama ya chura.

Kijiji kizima kikateremka mbio kikatuzunguka.

"Mutazame!" akasema Bibi Tabu, anahema. "Hajameza! Alikuwa anaficha shavuni! Tungoje, atatema!"

Nikatazama mbingu. Nikimeza, nammeza Sakina. Nikitema, nimeapa mbele ya kijiji kwamba chakula cha watoto ni sumu, na hakuna mama wa njia hii yote hadi Wamaza atakayekaribia sufuria yangu tena. Nilifikiri kweli kweli kuubakiza uji ule mdomoni maisha yangu yote. Nisimeze, niende hivyo hivyo, nizeeke hivyo. Watu wangenizoea.

Ndipo nikasikia majani yanachakacha.

Mtoto alikuwa ameteleza kutoka mapajani mwa bibi yake. Anakuja kwa kukokota makalio, kidogo kidogo, anapumzika, anakuja tena. Hakuna aliyemsaidia. Nadhani hakuna aliyethubutu. Akanifikia. Akanyoosha kidole chembamba, akakifuta kwenye kidevu changu, akakilamba. Akakaa akifikiri. Akachota tena kidevuni, akalamba. Kisha akanikabili usoni, akafungua mdomo wake wote, kama kinda la ndege, akangoja.

"Anaomba," akasema Mama Sakina. Hakukiambia kinu. Hakumwambia mtu yeyote. "Mutoto anaomba kula."

Nikameza.

Sauti yake, jamani! Jiwe likianguka kisimani lina aibu kuliko ile. Walisikia wote, hadi walio ng'ambo nadhani walisikia. Nikainuka nikakaa, nikachota kilichobaki katika bakuli, nikamtia mtoto mdomoni. Akakishika kwa ulimi. Hakutema. Akafungua tena.

"Imeshuka," akasema Bibi Tabu polepole, akimtazama mtoto koo. Halafu akageuka akawapigia kelele wenzake: "Sasa munangoja nini? Inapoa!"

Walipanda ule mteremko kama mvua inarudi juu. Mimi nikabaki chini nikilisha. Nilipotazama juu, wa kwanza kwenye sufuria alikuwa Bibi Tabu mwenyewe, na bakuli.

"Bibi, ni ya watoto!" nikamwita.

"Na mimi iko mutoto wa mutu," akajibu.

Sufuria ikaisha. Ikakwanguliwa. Watoto wawili wakaingiza vichwa ndani yake pamoja wakashindwa kuvitoa. Ingekuwa siku nyingine ningelia kwa furaha. Lakini kapita alikuwa ameteremsha kigoda hadi kwenye migomba, watu nyuma yake, amekaa, amenyoosha kofia.

"Sasa kesi," akasema. "Kwanza kihenge yangu..."

"Nyamaza na kihenge yako," wakasema wanawake. "Kwanza posa."

Mama Sakina alikuwa amesimama, amenipa mgongo, mtoto begani amelala, tumbo limejaa, mdomo wazi. Nami nikakaa chini kama mfungwa. Sufuria ilikuwa mbali, siwezi kupitisha neno. Kinu nacho kiko juu uwanjani. Kitu kilichokuwa karibu ni kile kihenge kilichopasuka.

"Kihenge," nikasema, "mwambie mama sikukusudia. Mwambie tangu posa ilipopokelewa sijalala usingizi wa kweli, nasikiliza mpunga ukikua. Mwambie kama kosa ni mdomo, mdomo nitaufunga. Lakini asimrudishe Sakina."

Ng'ombe angeniona angelia. Bibi Tabu aliacha kulamba bakuli.

"Kihenge," akasema Mama Sakina bila kugeuka, "desturi iko wazi. Mukwe ambaye amenionyesha uji ndani ya mashavu yake, posa yake inarudi. Kwetu hata ndizi inarudisha posa."

Nikainamisha kichwa.

"Lakini nitarudisha posa na nitamwambia mutoto huyu nini? Tangu alipougua, huyu ndiye mutu wa kwanza amemuomba chakula." Akamhamisha mtoto bega jingine. "Posa ibaki. Lakini haya ni haya. Alete kuku wa kufuta haya. Hapa. Sasa hivi."

Kuku! Nilikuwa na chumvi ya uji iliyobaki mfukoni, na huku chumvi ni mali, na Bibi Tabu alikuwa na kuku. Tukabadilishana papo hapo. (Amenipa kuku mzee aliyewaona Waarabu wa Nyangwe, wale wafanyabiashara wa zamani, kwa macho yake, lakini sikuwa na nafasi ya kuchagua.) Bibi Tabu mwenyewe akampeleka mkononi kwa Mama Sakina. Akampokea, akamkagua miguu, akaguna.

Na kwa desturi yao, kuku akishapokelewa, haya imefutwa. Pazia limeondoka. Mama mkwe na mkwe wanaweza kusemezana kama watu.

Akageuka. Akanitazama sawasawa, kwa mara ya kwanza bila haya kati yetu. Nikajiweka vizuri, nikangoja baraka. Niliona moyoni kwamba neno hili nitawasimulia wajukuu.

"Ramazani," akasema.

"Naam, mama."

"Pangusa kidevu."

Basi. Harusi iko palepale, baada ya mavuno, na ninyi nyote mmealikwa. Ila Mama Sakina ametangaza mbele ya kapita kwamba kwa kuwa ameshaniona vibaya kuliko wakwe wote wa Wamaza, hakuna sababu ya kujificha tena: siku hiyo tutakula sinia moja, yeye na mimi, uso kwa uso, ukoo mzima ukitazama.

Kwa hiyo msicheke. Yeyote kati yenu aliyewahi kula akitazamwa na mama mkwe aniandikie upesi: mtu anaweka wapi macho, na ubwabwa unamezwa vipi bila sauti?